Mfuko wa chakula ukikatwa, kitoweo hutangulia

Mimi ni mtaalamu wa lishe hapa Mbeya, na miongoni mwa ninaowahudumia wamo watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ili wapungue uzito, mbali na hapa, kisha wakarudi nyumbani kwa basi. Swali langu la kwanza kwao halihusu kilo walizopungua. Huwauliza: ukikaa mezani, unaanza kula nini?

Katika upasuaji huu, daktari bingwa hupitisha vifaa kwenye matundu madogo ya tumbo, akaondoa takribani asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula na kuacha sehemu nyembamba yenye umbo la ndizi. Kilichoondolewa hakirudishwi. Sehemu ya juu inayokatwa ndiyo hasa itoayo grelini, homoni inayoamsha njaa, na kwa hiyo mgonjwa hushiba upesi na hamu yake ya kula hupungua pia, hasa miezi ya mwanzo. Mwenye kiungulia kikali amweleze daktari mapema, kwa kuwa upasuaji huu unaweza kukizidisha.

Majuma ya mwanzo ni ya vinywaji, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini. Ugumu ninaouona huja baadaye, mtu anaporudia sahani ya kawaida. Mwili unahitaji walau gramu 60 za protini kwa siku ili kidonda kipone na misuli isiyeyuke pamoja na mafuta, ilhali yai moja lina gramu 6 tu na mfuko uliobaki hujaa kwa chakula cha kikombe kidogo. Sisi tumelelewa kumega ugali kwanza na kuchovya mboga kidogo. Mgonjwa akila hivyo, ugali au ndizi za Tukuyu humjaza kabla hajaufikia samaki. Kwa hiyo ninawafundisha kupindua sahani: samaki wa Ziwa Nyasa, dagaa, mayai, maziwa ya mgando au maharage yaliyopondwa ndiyo chakula, na ugali ndio unaosindikiza, matonge mawili yakitosha. Kina mama huniambia kwamba wakwe zao huona ni dharau mtu kuacha ugali wa mwenyeji, na nimekwisha kwenda nyumbani kwa watu kulieleza jambo hili, kwa sababu mgonjwa hapiki peke yake. Maji hunywewa kidogo kidogo, nusu saa baada ya kula. Vidonge vya vitamini, vikiwemo vya B12, pamoja na madini ya chuma, ni vya maisha yote, na damu hupimwa mara kwa mara.

Jambo linalonikosesha usingizi ni kutapika kusikokoma katika miezi ya mwanzo. Akiba ya vitamini B1 mwilini huisha kwa majuma machache tu, na upungufu wake huleta macho kucheza, kuyumba na kuchanganyikiwa, madhara ambayo yanaweza kubaki daima. Mgonjwa wa aina hiyo akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, hali inaweza kuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo kila ninayemhudumia hubeba karatasi inayoeleza upasuaji aliofanyiwa, na ninamwomba aionyeshe kwenye kituo chochote cha afya kabla mkono wake haujachomwa sindano.