Vitabu vya nukta nundu kwa watoto wadogo: tunayoyasikia na ukweli ulivyo

Nianze na hii maana naisikia kila mara, eti breli ni lugha ya wasioona. Hapana jamani, breli, yaani hizo nukta nundu, ni maandishi tu ya vinundu vinavyosomwa kwa vidole. Mtoto anayesoma Kiswahili kwa nukta nundu anasoma Kiswahili hikihiki chetu, a ni nukta moja ya juu kushoto, b unaongeza ya chini yake, c ni mbili za juu zilizokaa pamoja. Nafasi za nukta kwa kila herufi ni 6, ukizipanga unapata alama 63, ndo hizo hizo. Louis Braille aliubuni mfumo huu mwaka 1824 akiwa kijana wa miaka 15 tu.

Sasa hii nyingine ndo inaniumiza zaidi. Watu wanadhani kumtengenezea mtoto kitabu ni kuchukua kile cha picha, unainua mistari ya michoro iguswe, unaweka nukta chini, umemaliza. Hebu fikiria meza iliyochorwa: miguu ya nyuma imefanywa mifupi kwa sababu jicho linaona cha mbali kidogo, lakini mkono wa mtoto unajua miguu yote minne iko sawa! Na paka yeye anamjua kwa manyoya, joto na ule mkia unaomponyoka mkononi, sasa ukimpa mstari uliopindapinda ukamwambia huyu ni paka, ataitikia tu kukuridhisha. Bora vitu halisi, kijiko, ufunguo, kifungo, kipande cha taulo, unavitia kwenye mfuko na hadithi ikifika kwenye kijiko anakitoa mwenyewe anakishika, hapo neno linakuwa na maana kwake.

Halafu kuna wanaosema ni mdogo, wamkuzie nukta. La! Nukta zinaachana kama milimita 2.5 ili herufi nzima iingie chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja, ukizitawanya sana anaanza kuzihesabu mojamoja badala ya kusoma. Kinachoongezwa ni nafasi kati ya mistari, maneno yawe machache, karatasi iwe ngumu.

"Si kuna vitabu vya sauti?" Vipo na ni vizuri sana, ila sauti haimwonyeshi neno linaandikwaje wala linaishia wapi. Mtoto anayeona anakutana na herufi kwenye maboksi, ukutani, kwenye simu, kila siku kabla hata hajaanza shule, mwenzake asiyeona hakutani nazo mpaka mtu amletee mikononi, ndo maana kitabu apewe mapema, hata akikikwaruza tu na kukifungua kichwa chini.

Mzazi anayeona naye asijitoe. Nukta zinasomeka kwa macho, na vipo vitabu vyenye kurasa za plastiki angavu zilizochapwa breli juu ya ukurasa wa kawaida, kwa hiyo mnasoma hadithi moja, wewe kwa macho, yeye kwa vidole, kwenye kitabu kimoja.

Na hilo la kwamba wasioona wanazaliwa na vidole vya ajabu, si kweli, ni mazoezi. Mfundishe kutelezesha mikono yote miwili kwa wepesi bila kukandamiza, maana akikandamiza kidole kinakufa ganzi na nukta zinalala.