Je, wajua kwa nini jaji wa Obama hakuwahi kuapishwa?

Ukiuliza watu wa Kogelo, kijiji cha baba yake Obama, au hata hapa Kisumu, Obama alishindwa wapi, wengine watakutajia Libya na wengine watalalamika kwamba alitusahau. Merrick Garland hatajwi. Huyu ni jaji ambaye Obama alimteua tarehe 16 Machi 2016 aingie Mahakama ya Juu ya Marekani. Alingoja siku 293, na Januari 2017 uteuzi wake ukafa wenyewe. Hakuna seneta aliyepiga kura ya kumkataa, maana hakuwahi hata kuitwa kuhojiwa.

Inawezekanaje Rais ateue mtu kisha Bunge likae kimya karibu mwaka mzima, na sheria isivunjwe?

Jibu liko katika pengo dogo la maandishi. Katiba ya Marekani inasema Rais atateua majaji kwa ushauri na idhini ya Seneti. Haisemi idhini hiyo itolewe au ikataliwe ndani ya siku ngapi. Juu ya hapo, jaji wa kule hana umri wa kustaafu: anakaa hadi afe, ajiuzulu au ang'olewe na Bunge. Chama kikimwingiza mtu wa miaka 48, huenda kikawa kimejipatia miaka 30 ya hukumu kuhusu uavyaji mimba, bunduki na mipaka ya majimbo ya uchaguzi. Kwa zawadi kubwa hivyo, mwanasiasa hatakosa kutumia kila siku ambayo sheria imemwachia.

Jaji Antonin Scalia wa Mahakama ya Juu alifariki 13 Februari 2016. Kati ya maseneta 100, Republican, wapinzani wa Wademocrat wa Obama, walikuwa 54, na kiongozi wao Mitch McConnell akatangaza siku hiyo hiyo kwamba kiti kitangoje uchaguzi wa Novemba, ati wananchi waamue. Ulikuwa mchezo wa kipa ambaye timu yake inaongoza moja bila dakika ya 85: anaanguka, anaita daktari, anafunga kamba za viatu. Trump alishinda, na Aprili 2017 kiti kikamwendea Neil Gorsuch.

Miaka minne baadaye saa ilikimbizwa. Jaji Ruth Bader Ginsburg wa mahakama hiyo hiyo alifariki 18 Septemba 2020, uchaguzi ukiwa 3 Novemba. Seneti ile ile, chini ya McConnell yule yule, ilimwidhinisha Amy Coney Barrett tarehe 26 Oktoba kwa kura 52 dhidi ya 48. Zilibaki siku 8 uchaguzi ufanyike. McConnell alikuwa na maelezo: mwaka 2016 Rais na Seneti walikuwa wa vyama tofauti, 2020 walikuwa wa chama kimoja. Ni kweli walikuwa, lakini sioni hilo linahusianaje na kuwaacha wananchi waamue.

Wademocrat nao si malaika. Joe Biden, akiwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayohoji majaji, alisema Juni 1992 kwamba kiti kikibaki wazi wakati huo wa kampeni, Rais Bush asiteue mtu hadi uchaguzi uishe. Republican waliyatunza maneno hayo, wakamrudishia 2016. Na Novemba 2013 Harry Reid, Mdemocrat, ndiye aliyeondoa hitaji la kura 60 za kufunga mjadala, ambazo bila hizo kura ya kuidhinisha haipigwi, kuhusu majaji wa mahakama za chini. Republican walikuja kufanya vivyo hivyo kwa Mahakama ya Juu ili Gorsuch apite.

Majaji wenyewe huitazama kalenda. Stephen Breyer, akiwa na miaka 83, alitangaza kuondoka Januari 2022, Biden akiwa Ikulu na Wademocrat wakiishikilia Seneti kwa uzi. Kufikia 7 Aprili Ketanji Brown Jackson alikuwa ameidhinishwa. Ginsburg aliwahi kushauriwa afanye hivyo enzi za Obama, akakataa.

Na huku kwetu? Katiba ya 2010 ilijaribu kuziba mianya hii. Majaji husailiwa na Tume ya Huduma za Mahakama, ile tunayoiita JSC, na Rais huwateua kulingana na mapendekezo yake. Jaji hustaafu akifikisha miaka 70. Ni Jaji Mkuu na naibu wake tu wanaopelekwa Bunge la Kitaifa, na sheria ya uidhinishaji inasema muda ukipita Bunge likiwa kimya, mteuliwa anahesabiwa ameidhinishwa. Kwa sheria hiyo, Garland angeapishwa zamani.

Kalenda bado ilichezwa, safari moja kwa nia njema. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu, angefikisha miaka 70 Juni 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Agosti. Aliondoka Juni 2016, mwaka mzima mapema, ili mrithi wake awe ameshika kazi kabla ya kesi za urais. Mrithi alikuwa David Maraga wa Nyamira, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama yake ikafuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta. Kisumu, ngome ya mpinzani wake Raila Odinga, ilishangilia. Uhuru alikubali uamuzi, lakini akasema suala la mahakama wataliangalia tena.

Mwaka 2019 JSC ilimpelekea Uhuru majina 41. Kumi na moja yalikuwa ya Mahakama ya Rufaa, 20 ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na 10 ya mahakama ya kesi za wafanyakazi. Aliyakalia, akisema ana taarifa zinazotilia shaka uadilifu wa baadhi yao. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba hana mamlaka ya kuchambua orodha hiyo. Aliendelea kuikalia. Katiba inamwagiza Rais ateue, ila haikumwandikia siku. Pengo la Seneti ya Marekani tulikuwa tumeliziba Bungeni, tukaliacha wazi Ikulu.

Tarehe 3 Juni 2021 aliwateua 34. Mmoja alikuwa amefariki akingoja. Sita waliachwa, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi aliyekuwa akihudumu Nakuru. Wiki tatu kabla, hao wawili walikuwa kwenye jopo lililosimamisha BBI, mpango wa Uhuru na Raila wa kurekebisha Katiba. Tuwe wakweli: BBI haielezi ile miaka miwili ya kwanza, na huku kwetu wengi tulikuwa upande wa reggae, jina la utani la BBI, kwa hivyo machozi yalikuwa machache. Ila kuna jambo ambalo sijaona likijibiwa. Wanne kati ya sita walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, wakaendelea kuamua kesi kila siku. Ikiwa hawafai Rufaa, wanafaaje huko?

Gharama yake huonekana kwenye ubao wa mahakama asubuhi. Mtu wa Nyando au Muhoroni ana kesi ya mpaka wa shamba. Ameamka alfajiri, amelipa nauli, anatafuta namba ya faili yake kwenye orodha iliyobandikwa, halafu karani anasoma tarehe nyingine ya kutajwa. Majaji 20 wa ardhi waliokuwa wakingoja kalamu walikuwa wa kesi kama hiyo.

Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilimpa Uhuru siku 14 awateue wale sita. Hakuwateua. William Ruto aliapishwa kuwa Rais 13 Septemba 2022 na kutangaza uteuzi wao siku hiyo hiyo, kesho yake wakala kiapo.