Krishna mmoja, karatasi moja, mara tatu

Wanafunzi wangu wakiona picha ndogo za Kihindi kwa mara ya kwanza huwa wananiuliza, mwalimu, mbona huyu kijana wa bluu yupo huku, na kule yupo, ni mapacha au? Hapana, ni yuleyule Krishna, mungu wa Wahindu. Mchoraji hagawi karatasi visanduku kama katuni za gazetini, anamchora mtu huyohuyo kila hadithi inapofika, wewe ndo unamfuata kwa macho.

Sahibdin, mchoraji Mwislamu kule Udaipur, India, alichora hivyo Ramayana, utenzi wa mwanamfalme Rama na vita vyake, kwa ajili ya mfalme Jagat Singh wa Mewar kuanzia 1649, ukurasa mmoja unaweza kumkuta Rama mara kadhaa. Lakini mimi roho yangu ipo kwenye Gita Govinda, utenzi wa Jayadeva wa karne ya 12. Manaku wa Guler, kule vilima vya Himalaya, aliuchora 1730, halafu watoto wake na wa mdogo wake Nainsukh wakauchora upya karibu na 1775, na hiyo ya watoto, jamani, ni nzuri mno.

Kisa chenyewe ni mapenzi ya kununiana na kupatana, Krishna kaenda kucheza na wasichana wengine, Radha mpenzi wake kaumia kasusa, wote wawili wanateseka, na katikati anahangaika shoga yake Radha anayepeleka maneno huku na huku. Sasa angalia picha yake: upande mmoja Radha kaketi chini ya majani, kichwa kakiinamisha, shoga kamsogelea. Upande wa pili shoga huyohuyo kashafika kwa Krishna na mkono kaunyoosha kuelekea alikotoka. Kati yao miti tu na mto Yamuna, na mti umezungushiwa mtambaazi uliokumbatia shina, yaani kile wenyewe wanachokitamani. Hiyo nafasi ya katikati ndo muda wenyewe, jicho lako likiivuka na wewe unakuwa umengoja. Kwa hiyo naona mtindo huu unawafaa wapendanao hata kuliko vita vya Rama, maana mapenzi yao hawa sehemu kubwa ni kungoja na kutumiana ujumbe.

Tena picha hizi hazikuwa za kutundika ukutani. Ulikuwa unaishika mkononi, karibu na uso, ukimaliza kutazama unaigeuza, beti za Kisanskriti zimeandikwa nyuma.