Je, wajua kwa nini wimbo “Naatu Naatu” hukuchezesha hata kama hujui Kitelugu, lugha ya kusini mwa India?

Ukiagiza naatu kodi mgahawani Hyderabad, jiji la Watelugu, utaletewa kuku wa kienyeji. (Kodi ni kuku, si ile ya mwenye nyumba.) Naatu ndiyo hiyo “kienyeji” yetu: cha shamba, cha kwetu, kisichojipodoa. Basi wimbo huu wa filamu ya Kihindi RRR ya mwaka 2022 unaimba “kienyeji, kienyeji” tangu mwanzo hadi mwisho, na mashairi ya Chandrabose yanatafuta mifano kijijini: fahali anayetimua vumbi shambani, mkate wa mtama mwekundu unaoliwa na pilipili.

Lakini wengi waliourukia hawakujua hata neno moja kati ya hayo. Kilichowanyanyua ni mapigo. Mtunzi M. M. Keeravani aliutia katika mapigo sita, yanayogawanyika matatu matatu. Mguu unakanyaga mara mbili, na ndani ya kila hatua ngoma inalia mara tatu. Mwili haupati nafasi ya kutulia, kila hatua inaisukuma inayofuata. Aliyewahi kucheza chakacha anaijua hali hiyo kiunoni. Huko kwa Watelugu mapigo ya namna hii ni ya ngoma za vijijini na za barabarani, kama dappu, ngoma bapa ya ngozi ambayo huotwa motoni kwanza ili ikaze, kisha hupigwa kwa fimbo mbili.

Lugha yenyewe nayo inapiga ngoma, na kwangu hapa ndipo utamu ulipo. Maneno mengi ya Kitelugu huishia na irabu, kama ya Kiswahili, kwa hiyo mwimbaji hakwami mwisho wa mstari. Halafu ile “t” ya naatu hutamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi juu kaakaani, ikatoka nzito kama kofi kwenye ngozi. Waimbaji Rahul Sipligunj na Kaala Bhairava wanairudia hadi neno linageuka chombo cha muziki.

Utani wa wimbo unatokana na kisa cha filamu. Ni zama za ukoloni, kwenye dhifa ya Waingereza, na kijana mmoja wa Kizungu anamcheka Bheem, mmoja wa mashujaa wawili wa filamu, kwamba Wahindi hawajui dansi. Raju, rafiki wa Bheem, anamjibu kwa kuanzisha naatu, na suti na gauni zote zinajikuta kwenye vumbi. Jumba linaloonekana si la India: ni Jumba la Mariinskyi, Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, walikopiga picha za filamu mwaka 2021, miezi michache kabla ya vita. Machi 2023 wimbo ukachukua Oscar.

Mwishoni kasi inapanda, wenyeji wa dhifa wanaanguka mmoja mmoja, wanabaki marafiki wawili. Raju anamwona binti anayemshangilia Bheem, anajifanya mguu umemshinda, anaanguka.