Mkataba Usomwe kwa Sauti: Wanamuziki Kujifunza Biashara kwa Kundi

Chukua kalamu na karatasi. Lebo, yaani kampuni ya muziki, imempa msanii malipo ya awali ya shilingi milioni 10, kisha ikalipia video milioni 8. Mkataba unasema mapato yatagawanywa asilimia 70 kwa lebo na 30 kwa msanii, na gharama zote zitarejeshwa kutoka katika fungu la msanii. Je, wimbo uingize shilingi ngapi ndipo msanii aanze kuona chochote?

Hesabu hii nimeitunga mwenyewe, na ndiyo ninayofungulia mafunzo ya uendeshaji wa biashara ya muziki. Jibu la kwanza karibu kila mara huwa milioni 18. Kisha mmoja wa washiriki, mara nyingi mpiga besi aliyekaa kimya nyuma, huanza kukuna kichwa. Hizo 18 hazikatwi kwenye mapato yote, zinakatwa kwenye ile asilimia 30. Kwa hiyo wimbo sharti uingize milioni 60. Ukifika hapo, lebo imesharudisha 18 zake na kubaki na 42, na msanii ndio kwanza amemaliza deni.

Msanii aliyeko peke yake nyumbani, ana mkataba wa kurasa kumi na nne na simu inayomhimiza asaini kabla ya Ijumaa, hana mpiga besi wa kumkunia kichwa. Wala hana wa kumwambia kuwa mwenzake alipewa masharti mepesi zaidi na watu walewale. Kwa sababu hiyo sipendi semina ambayo mtaalamu mmoja anahutubia watu mia, chakula cha mchana kinaliwa, vyeti vinatolewa, basi. Nimezifundisha semina za namna hiyo. Niligawa kabrasha nene, na jioni nikalikuta limegeuzwa pepeo.

Kukaa kwa kundi si jambo geni katika muziki wetu. Nadi Ikhwan Safaa ya Zanzibar ilianzishwa mwaka 1905, nayo ni klabu ya taarabu yenye wanachama. Baadhi ya bendi za dansi za bara zilikwenda njia nyingine. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo ni vya chama, mwanamuziki ni mwajiriwa. Bendi hiyo ilipita majina ya JUWATA na OTTU hadi ikawa Msondo Ngoma. Mwajiriwa wa wakati ule angeweza kuishi bila kujua mkataba wa kurekodi unaandikwaje. Kijana wa leo anayerekodi chumbani kwake na kupandisha wimbo mtandaoni usiku huohuo ndiye mwajiri, mhasibu na msambazaji, apende asipende.

Kundi zuri lina watu sita hadi wanane, na wasiwe waimbaji watupu. Mchanganye prodyuza, mpiga ala, meneja anayechipukia, na yule dada anayekaa mlangoni kupokea viingilio, maana yeye anajua mambo ya fedha ambayo jukwaani hayaonekani. Kutaneni Jumatatu, kwa watu wa shoo hiyo ndiyo Jumapili yao. Kila kikao kishughulikie karatasi moja tu: mkataba, risiti ya studio, taarifa ya mapato kutoka kwa msambazaji. Majina yafunikwe. Mmoja asome kwa sauti, na msomaji asimame kwenye kila neno ambalo hakuna anayeweza kumweleza jirani yake kwa maneno yake mwenyewe. “Daima na duniani kote” ni maneno manne mepesi kutamka, lakini kundi moja lilikaa nayo saa nzima.

Panapochukua muda zaidi ni kwenye karatasi ya mgao. Wimbo mmoja uliorekodiwa ni mali mbili: utunzi, yaani maneno na melodi, na rekodi yenyewe, ambayo studio wanaiita masta. Karatasi ya mgao huandika jina la wimbo, tarehe, kila aliyechangia, alichangia nini, asilimia yake kwa kila mali, na sahihi. Hapo ndipo prodyuza na mwimbaji huanza kutazamana. Je, biti, yaani mdundo wa wimbo, ni sehemu ya utunzi, au ni kazi iliyolipwa ikaisha? Aliyeongeza kiitikio cha mistari miwili apate ngapi? Sina jibu moja la kumpa kila mtu, na anayejifanya analo anawadanganya. Ninachosisitiza ni kwamba mzozo huo uishe kabla watu hawajatoka studio, wakati wimbo bado hauna hata senti.

Kwa Tanzania Bara, sheria ya hakimiliki ni ya mwaka 1999. Haki huanza kazi inapotungwa, na kwa kawaida hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Mjukuu anaweza kula mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, ama akaikosa kwa sababu ya karatasi moja. Usajili wa kazi hufanyika COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na kwa Zanzibar ni COSOZA. Cheti hakiumbi haki, ila kinasaidia sana ushahidi ukitakiwa. Msichanganye huo na usajili wa msanii mwenyewe, ambao ni wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa.

Kuna pia namba ya utambulisho iitwayo ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Hiyo ni ya rekodi, si ya wimbo. Mkirekodi upya wimbo uleule kwa gitaa tupu, toleo hilo linahitaji namba yake.

Penye mkataba mzito, changeni mumlipe wakili asome. Mkiwa wanane, ada yake haiumi kama mngekwenda mmojammoja, na mtakwenda mmeshajua mnachotaka kuuliza.

Kikao cha kwanza, kila mmoja aje na karatasi moja yenye sahihi yake. Asiye nayo, na hao ndio wengi, aandike alikubaliana nini kwa mdomo, na nani, lini, na nani mwingine alikuwepo chumbani.