Je, wajua kwa nini ugoro hutiwa magadi?

Ukimwendea muuza ugoro katika masoko mengi ya bara, iwe Dodoma, Singida au Babati, utamkuta na vitu viwili mbele yake: kopo la tumbaku iliyosagwa na vipande vya magadi. Ni magadi yale yale yanayolainisha maharage na makande. Tumbaku imekwisha kaushwa, ikatwangwa na kuchekechwa hadi ikawa unga wa kahawia. Anaponda magadi, anayatia, anachanganya kwa vidole, na mara harufu inabadilika. Ile ya majani makavu inatoweka, inakuja nyingine inayopiga pua na kuliza macho. Mteja anachota kidogo kwa ncha za vidole, anatia kwenye mdomo wa chini, anasubiri. Kama hauumi, atasema: "Huu bado, mama. Ongeza magadi."

Muulize mama huyo kwa nini magadi, naye atakujibu bila kufikiri mara mbili: ndiyo yanayoupa ukali, bila hayo ni majani tu. Jibu lake ni sahihi. Kilichobaki ni kueleza ukali huo unatoka wapi, maana magadi yenyewe hayalevyi mtu.

Kinacholevya ni nikotini, kemikali ambayo mmea wa tumbaku huitengeneza kujikinga na wadudu. Posselt na Reimann, wanasayansi wa Heidelberg nchini Ujerumani, waliitenga kutoka kwenye tumbaku mwaka 1828. Ndani ya jani, nikotini imeshikamana na asidi za mmea, na ikiwa katika hali hiyo inakuwa na chaji ya umeme. Chembe yenye chaji inayeyuka vizuri kwenye maji lakini haipiti kwenye mafuta. Nayo ngozi laini ya ndani ya mdomo na pua, kama ulivyo utando wa kila seli mwilini, imejengwa kwa mafuta. Kwa hiyo unaweza kutafuna jani la tumbaku ukajaza mdomo nikotini, na sehemu kubwa yake ukaitema pamoja na mate.

Hapo ndipo magadi yanapoingia. Magadi ni kabonati ya sodiamu iliyochanganyika na bikabonati, chumvi inayojikusanya kwenye maziwa kama Magadi kule Kajiado, Kenya, na Natron mkoani Arusha. Ni alkali, yaani kinyume cha asidi. Alkali ikikutana na nikotini iliyoshikamana na asidi, huivua ile chaji, na nikotini inabaki huru. Nikotini huru inapenya kwenye mafuta bila kizuizi. Inapita kwenye fizi, inapita puani, hata kwenye ngozi ya mkono inapita. Pia inaruka hewani kwa urahisi, na hiyo ni sehemu ya ile harufu inayopanda wakati wa kuchanganya; ndiyo maana ugoro ukiachwa wazi hupungua nguvu.

Tofauti yake si ndogo. Kwenye kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni alkali, jani la tumbaku liko kati ya 5 na 6. Hapo nikotini iliyo huru haifiki hata asilimia 1 au 2. Kwenye 7 inakuwa kama asilimia 10. Kwenye 8 ni nusu nzima. Kwenye 9 inapita asilimia 90. Maana yake ni kwamba tumbaku ile ile, kipimo kile kile cha vidole, inaweza kumpa mtu nikotini kidogo sana au nyingi mno, kutegemea mkono wa mama ulivyomwaga magadi.

Watu wa pwani walifika hapo hapo kwa njia nyingine. Tambuu huviringishwa pamoja na popoo na chokaa, na wapenzi wake wengi huongeza tumbaku. Chokaa ni alkali kali kuliko magadi. Sehemu nyingine za Afrika wanatumia majivu. Sudan wana *toombak*, tumbaku kali ya aina ya Nicotiana rustica iliyochachushwa na kutiwa bikabonati ya sodiamu wanayoiita *atrun*. Hakuna kati ya hawa aliyekuwa na karatasi ya kupimia pH. Walikuwa na ulimi.

Nikotini ikishaingia kwenye damu, inakwenda kwenye ubongo, na huko inakuta vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali za taarifa, ambavyo si vyake. Ni vya asetilikolini, kemikali ya mwili inayopeleka taarifa kati ya neva na neva. Nikotini imefanana nayo kiasi cha kuweza kukaa mahali pake. Ikikaa, ubongo unamwaga dopamini, ile inayomwambia mtu kwamba alichofanya ni kizuri na akirudie. Macho yanafunguka, njaa inatulia, kazi ya kulinda geti usiku kucha inaonekana nyepesi. Simlaumu mlinzi anayesema ugoro unamsaidia, maana mwanzoni ni kweli unamsaidia.

Tatizo ni kwamba ubongo hauachi jambo hilo lipite hivi hivi. Vipokezi vinavyobanwa na nikotini kila siku hufa ganzi, na ubongo hujibu kwa kuongeza idadi yake. Sasa kuna vipokezi vingi vinavyodai. Nikotini haidumu: ndani ya saa 2 hivi nusu yake imekwisha kwenye damu. Mtu akilala usiku kucha, anaamka vipokezi vyote viko wazi, na hiyo ndiyo arosto: hasira isiyo na sababu, kichwa kizito, mawazo hayatulii. Anabwia, dakika chache baadaye ametulia, anasema ugoro umemtuliza. Ukweli ni kwamba umemtibu ugonjwa uliouleta wenyewe. Ndiyo maana madaktari wakitaka kujua uraibu umefika wapi, swali lao la kwanza huwa si unatumia kiasi gani. Wanauliza ukiamka asubuhi unakaa muda gani kabla ya kutumia mara ya kwanza. Anayeshindwa kumaliza dakika 5 amekamatwa sawasawa.

Mwendo wa ugoro si sawa na wa sigara. Moshi ukivutwa, nikotini inafika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hadi 20. Ugoro wa mdomoni unapanda taratibu, unafika kileleni kama baada ya nusu saa, kisha unashuka polepole kwa sababu fizi zinaendelea kupitisha na mate mengine yanamezwa. Kwa hiyo hauna ule mpigo wa ghafla. Lakini ukijumlisha ya siku nzima, mtumiaji wa kila siku wa tumbaku isiyo ya moshi anapata nikotini inayolingana na ya mvutaji wa sigara, wakati mwingine zaidi. Wanaosema "mimi sivuti, nabwia tu" wana mapafu safi, hilo siwanyimi. Ubongo wao uko mahali pale pale alipo mvutaji.

Basi na madhara? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Nikotini ndiyo inayomfunga mtu, lakini si hiyo inayofanya sehemu kubwa ya mauaji. Kwenye sigara wauaji ni moshi wenyewe: lami, hewa ya monoksidi ya kaboni inayoiba nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kemikali zaidi ya 7,000 ambazo angalau 69 zinajulikana kusababisha saratani. Utafiti uliowafuatilia madaktari wa Uingereza kwa miaka 50, kuanzia 1951, ulionyesha kwamba wavutaji wasioacha hupoteza wastani wa miaka 10 ya maisha.

Ugoro hauna moshi, kwa hiyo orodha yake ni fupi zaidi. Ila haiko tupu. Tumbaku inapokaushwa, kuchachushwa na kuwekwa ghalani, nikotini na ndugu zake huungana na nitriti na kuzaa kemikali ziitwazo nitrosamini. Hizi ni sumu ya saratani, na kiasi chake kinategemea sana namna tumbaku ilivyotunzwa. Kwenye toombak ya Sudan zimepimwa kwa viwango vinavyozidi vya tumbaku ya mdomoni ya Sweden kwa mamia ya mara, na saratani ya mdomo ni janga linalojulikana huko. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, linaitaja tumbaku isiyo ya moshi kuwa chanzo cha saratani ya mdomo, umio na kongosho. Wapenzi wa tambuu wajue pia kwamba popoo peke yake, hata bila tumbaku, imo kwenye orodha hiyo hiyo ya visababishi vya saratani.

Magadi nayo yana sehemu yake. Alkali huunguza. Ule muwasho ambao mteja anautafuta kama dalili ya ugoro mzuri ni ngozi ya mdomo inayochomwa mahali pale pale kila siku, mwaka hadi mwaka. Ukimfunua mdomo mbwiaji wa muda mrefu, mara nyingi utaona baka jeupe lenye mikunjo hasa pale anapotia ugoro, na fizi imerudi nyuma hadi mzizi wa jino unaonekana. Na mama mjamzito anayebwia kwa sababu "si sigara" anapaswa kuambiwa wazi kwamba nikotini inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Hatari ya kujifungua kabla ya wakati, au mtoto kufia tumboni, inaongezeka.

Ujanja wa magadi haukubaki sokoni. Viwanda vya tumbaku ya mdomoni vya Marekani navyo hutia kabonati, ya sodiamu au ya amonia, tena kwa vipimo. Bidhaa za wanaoanza hupewa alkali kidogo zisije zikawatapisha, za wazoefu hupewa nyingi. Haya yalijulikana hadharani miaka ya 1990, wakati ule ule ambapo wakuu 7 wa kampuni za tumbaku, tarehe 14 Aprili 1994, walisimama mbele ya kamati ya bunge la Marekani wakasema kwa kiapo kwamba hawaamini kuwa nikotini inaleta uraibu.

Sigara yenyewe ilikwenda upande wa pili. Moshi wa kiko na siga ni wa alkali, unakera koo, hivyo mvutaji huuacha mdomoni. Tumbaku ya mvuke, kama inayolimwa Tabora na Urambo, hukaushwa kwa namna inayobakiza sukari, na moshi wake una asidi kidogo. Moshi wa asidi ni laini. Unaweza kuuvuta hadi ndani kabisa ya mapafu, ambako kuna eneo la mita za mraba zipatazo 70 la kupitishia nikotini, tena damu yenyewe inarekebisha pH. Ulaini huo ndio ulioifanya saratani ya mapafu, iliyokuwa ugonjwa wa nadra kabla ya sigara za mashine kuenea, kuwa saratani inayoongoza kwa kuua duniani. Sigara za kielektroniki za Juul zilizoingia sokoni Marekani mwaka 2015 zilirudia hesabu hiyo hiyo: nikotini ilitiwa asidi ya benzoiki, koo lisikerwe, na vijana wakavuta kipimo kikubwa bila kukohoa.

Na dawa je? Bazoka ya nikotini, ile ya kusaidia watu kuacha tumbaku, ambayo pamoja na bandeji ya nikotini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, imetiwa kabonati ya sodiamu. Ni magadi, kwa jina la duka la dawa. Sababu ni ile ile: bila alkali, nikotini ingebaki kwenye mate. Ndiyo maana mtumiaji huambiwa asinywe soda, kahawa wala juisi ya matunda kwa dakika 15 kabla ya kuitafuna wala wakati anaitafuna. Asidi ya vinywaji hivyo huirudishia nikotini chaji yake na dawa inakuwa kazi bure. Huenda baadhi ya wanaosema "nilijaribu, haikunisaidia" walikuwa wanaishushia na soda. Pia haitafunwi mfululizo kama bazoka ya kawaida: unatafuna mara chache mpaka usikie inawasha, unaiegesha kati ya shavu na fizi, ukiisha muwasho unatafuna tena. Kuna ya miligramu 2 na ya 4. Ya 4 ni kwa wale ambao wakiamka hawamalizi nusu saa.

Anayeacha bila dawa ajiandae kwa siku 2 au 3 za mwanzo, maana ndizo ngumu kuliko zote. Baada ya hapo arosto inashuka, ingawa hasira na usingizi wa mang'amung'amu vinaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4. Vile vipokezi vilivyoongezeka hurudi idadi ya kawaida ndani ya miezi michache. Lile baka jeupe mdomoni, kama bado halijageuka kuwa saratani, mara nyingi hutoweka ndani ya wiki 6 tu. Lisipotoweka, au ukiona sehemu nyekundu, uvimbe mgumu, au kidonda ambacho wiki 2 zimepita hakijafunga, usisubiri kiume: nenda kwa daktari wa meno hata kama hakuna jino linalouma.