Great Zimbabwe: tuanze na mwamba, mfalme atafuata

Ukifika Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe huko Zimbabwe, mwongozaji ataanza na mfalme: alikaa wapi, wake zake wapi, hazina iliwekwa wapi. Sina ugomvi na waongozaji. Ila mimi ni mjiolojia, nakaa Iringa, na kila nikitazama kuta zile naona kwanza mwamba uliozizaa. Ukielewa mwamba, nusu ya mambo yanayowashangaza wageni pale yanajieleza yenyewe.

Mwamba wenyewe si mgeni kwetu. Aliyewahi kupanda Gangilonga, lile jabali la Iringa mjini, au kwenda Igeleke kuona michoro ya kale, ameukanyaga wa aina yake: granaiti. Hiyo ni miamba iliyopoa chini sana ardhini, ikiwa imebanwa na uzito wa kilometa kadhaa za miamba mingine juu yake. Mmomonyoko wa mamilioni ya miaka unapoondoa ule mzigo wa juu, granaiti hupumua. Hutanuka, na ikitanuka hupasuka kwa nyufa zinazofuata umbo la kilima. Kisha jua la mchana na baridi ya usiku huendeleza kazi, hadi mwamba unabanduka maganda kama kitunguu. Pale Gangilonga utayaona maganda hayo ukingoni, mengine yamelegea tayari.

Sasa, si kila granaiti hubanduka vizuri. Nyingine hutoa mapande manene yasiyolingana, mazuri kwa kokoto na basi. Ya vilima vinavyozunguka Great Zimbabwe, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, hutoa mabamba membamba yenye unene unaokaribia kufanana. Waashi wa kale waliliona hilo, wakaliongezea kasi: waliwasha moto juu ya mwamba, ukipata joto wakaumwagia maji, bamba likapasuka na kuachia. Wapasua mawe wa kwetu hawahitaji kuelezwa, wengine wanafanya hivyo hadi leo, tofauti ni kwamba wanachoma hata matairi. Bamba likishatoka, lilivunjwavunjwa kwa nyundo za doleriti, jiwe jeusi gumu kuliko granaiti, likawa matofali.

Hapo ndipo ilipo siri ya kozi, yaani safu za mawe, zilizonyooka ambazo watu huzipiga picha. Juu na chini ya kila tofali palisawazishwa na asili kabla fundi hajagusa kitu. Alibaki na kazi ya kuchonga upande wa mbele tu. Kwa hiyo hakuhitaji chokaa wala udongo wa kushikia, mawe yanakaliana kwa uzito wake.

Ushauri wangu: panda kilima kwanza. Wengi hukimbilia ule ukuta mkubwa wa bondeni, wakimaliza jua limeshakuwa kali, wanakiangalia kilima kwa mbali na kusema tutarudi. Kilima kina kama mita 80 kutoka bondeni. Njia ya kale ni ya ngazi za mawe, mwinuko wake unachosha, na kuna sehemu inapita katikati ya miamba miwili ambapo watu hawawezi kupishana. Wenye magoti mabovu wapite njia mpya, haina mwinuko mkali. Nenda asubuhi, beba maji.

Kule juu ndipo ujenzi ulipoanzia, na ndipo uhusiano wa jiwe na mtu unaonekana vizuri zaidi. Mabonge ya granaiti makubwa kuliko nyumba yamekaa yalivyokaa, na waashi hawakuhangaika kuyaondoa. Ukuta unakuja, unakutana na jabali, unaishia hapo, jabali linachukua zamu, kisha ukuta unaendelea upande wa pili. Kuna mahali unajikuta huna hakika kama umeegemea kazi ya mtu au ya mvua. Katika uwanja wa mashariki ndipo walipopatikana wengi wa ndege wale waliochongwa kwa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni, ambao mmoja wao yumo kwenye bendera ya Zimbabwe. Simama pia ukingoni uangalie bondeni, uone ukuta mkubwa ulivyo mviringo. Ukiwa chini huwezi kuliona umbo hilo.

Huo ukuta wa chini, tuuseme kwa takwimu: mzunguko wa mita 250 hivi, kimo hadi mita 11, unene unafika mita 5 sehemu nyingine. Unene huo si matofali yote. Nyuso mbili, ya nje na ya ndani, zimejengwa kwa mawe yaliyochongwa, katikati kumejazwa mawe yasiyochongwa. Kadiri unavyopanda, ukuta unaegemea ndani kidogo kidogo, ndiyo maana haujaanguka kwa miaka 600 na zaidi. Zunguka nje taratibu. Kaskazini-magharibi kozi zinayumba, mawe hayalingani. Ukielekea mashariki zinanyooka, na juu kabisa yametokea mapambo ya mawe yaliyolazwa mshazari. Mnara ulio ndani nao hauna chumba. Watu wamewahi kuuchimba wakitafuta dhahabu, wakakuta mawe matupu, haki yao.

Mtu wa Iringa atauliza mara moja: walikuwa wanajikinga na nani? Swali hilo tumelirithi Kalenga, kwenye ngome ya Mkwawa iliyovunjwa kwa mizinga ya Wajerumani mwaka 1894. Lakini hapa hakuna matundu ya kurushia silaha, na huo ukuta mkubwa umejengwa bondeni, adui angesimama kilimani akawatazama. Wanaakiolojia wengi wanaona kuta zilikuwa za kutenga wakubwa na wadogo na kuonyesha ukubwa wa mtawala. Hazikubeba paa lolote. Watu, ambao kwa makadirio mbalimbali walikuwa maelfu, waliishi kwenye nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Nyumba zimeyeyuka, ua umebaki.

Nguvu ya kulisha waashi wote hao ilitokana na ng'ombe na biashara. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, bandari ya pwani ya Msumbiji ya leo, ikapanda meli kwenda Kilwa. Kwenye magofu haya ilipatikana sarafu ya Kilwa yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14, pamoja na vigae vya vyombo vya China na Uajemi. Binafsi sarafu ile inanigusa kuliko ndege wote, pengine kwa sababu ni ya kwetu.

Karl Mauch, Mjerumani aliyefika mwaka 1871, aliamua kwamba hapa palijengwa na Malkia wa Sheba. Walowezi wa Kizungu waliipenda hadithi hiyo, kwa kuwa iliwanyima Waafrika sifa ya ujenzi. Richard Hall, aliyekabidhiwa magofu mwanzoni mwa karne ya 20, alizoa tabaka za udongo akiziita takataka za Waafrika, na humo ndimo ulimokuwa ushahidi wa wajenzi wenyewe. Mwanaakiolojia Randall-MacIver alipochunguza mwaka 1905 alisema wazi kuwa ni kazi ya Waafrika, na mwenzake wa fani hiyo, Gertrude Caton-Thompson, akathibitisha mwaka 1929. Mimi naongeza la jiolojia tu: ufundi huu umetokana na mwamba wa palepale. Ukitembea unaona wanaojifunza, unaona waliobobea.

Kwa wanaotoka Mbeya, njia ni Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, kisha Masvingo. Magofu yako karibu kilomita 30 kutoka mjini.

Ukiwa pale, tafuta sehemu ambapo ukuta umefura kama tumbo. Maji ya mvua yameingia ndani, au mizizi ya mti imesukuma, na yale mawe ya katikati yamesogea yakabana uso wa nje. Waashi walijua hatari ya maji, waliacha matundu ya kuyatoa chini ya kuta. Mengi yanaonekana bado, ukiinama.